Joho la gombo la Torati: vipimo, herufi na zari

Swali, kwa ufupi: fundi mmoja wa kike wa Nairobi, anayeshona na kutarizi majoho ya mahafali na mavazi ya kwaya, ameletewa kazi na mteja Myahudi. Anatakiwa kushona "nguo ya Torati" ya mahameli, yenye taji, simba wawili na maandishi ya Kiebrania kwa uzi wa dhahabu. Amepewa picha moja kwenye simu, bila vipimo. Anauliza aanzie wapi, anunue kitambaa gani na kiasi gani, na kama atumie mashine ya kutarizi au mkono.

Dada fundi, anza kwa kuiweka hiyo picha kando. Picha inaonyesha urembo, haionyeshi mwili utakaovishwa. Gombo la Torati huandikwa kwa mkono juu ya ngozi, na magombo hayalingani. Moja lina kimo cha sentimita 35, jingine 48. Miti ya kuviringishia ya hili minene, ya lile myembamba. Nguo hii hushonwa kwa gombo moja tu, kama suti inavyoshonwa kwa mwanamume mmoja. Ukikata kwa kukisia, utarudishiwa kazi ikiwa imekwisha kutiwa zari, na hapo hakuna cha kupunguza wala kuongeza.

Pili, muulize mteja anafuata desturi ya wapi. Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya Kati na Mashariki, yaani Waashkenazi, huvisha gombo nguo iliyonyooka kama mfuko uliogeuzwa juu chini: juu imefungwa kwa ubao wenye matundu mawili, chini iko wazi. Wasefaradi, yaani Wayahudi wenye asili ya Hispania na Ureno, wa Amsterdam na London wana joho pana linalofunguka kama sketi. Wenye asili ya Iraki, Iran au Yemen kwa kawaida hawatumii joho hata kidogo, kwa sababu gombo lao hukaa ndani ya kasha gumu la mbao au fedha. Picha uliyoieleza, yenye taji na simba, inaelekea kuwa ya Kiashkenazi, na jibu hili linahusu hiyo. Lakini uliza.

Kwa Kiebrania nguo hii huitwa meili. Ni neno lile lile la Kutoka 28, vazi la kuhani mkuu, ambalo Biblia ya Kiswahili imelifasiri joho, na ndilo tutakalotumia hapa. Sura hiyo hiyo inaagiza tundu la shingo litiwe utepe wa kusuka kulizunguka lisipate kuraruka. Kumbuka agizo hilo ukifika kwenye matundu ya ubao, maana joho la gombo huanza kuchanika papo hapo.

Sasa vipimo. Gombo lina miti miwili ya kuviringishia, nayo huitwa miti ya uzima. Kila mti una mpini juu na mpini chini, na mara nyingi kisahani cha mbao juu na kingine chini vya kuzuia ngozi isiteleze. Joho hukaa juu ya visahani vya juu, mipini ya juu ikichomoza kwenye matundu ili ivikwe mapambo ya fedha yaitwayo komamanga, au taji. Mipini ya chini lazima ibaki huru, kwa sababu ndiyo inayoshikwa gombo linapoinuliwa.

Usiiguse ngozi kwa mkono. Hii ni sheria yao, na hata mhifadhi wa makumbusho angekwambia vivyo hivyo, kwa sababu ya jasho na mafuta ya vidole. Mwache mteja alishike na kuliviringisha yeye, wewe upime. Tumia futi ya kitambaa, si ya chuma, na andika kwa penseli. Kalamu ya wino isikaribie meza hiyo. Na usipange miadi jioni ya Ijumaa wala mchana wa Jumamosi, ni Sabato yao.

Jambo ambalo mafundi wengi hawalijui ni kwamba gombo hubadilika umbo mwaka mzima. Torati husomwa kwa mzunguko wa mwaka, kwa hiyo ngozi huhama kutoka mti mmoja kwenda mwingine. Chukua gombo ambalo bunda lake lote likiwa kwenye mti mmoja lina nusu-kipenyo cha sentimita 8, na mti mtupu una sentimita 2. Mwanzoni mwa usomaji, upana wa jumla ni sentimita 20, na unene kutoka mbele kwenda nyuma ni 16. Likifika katikati, mabunda mawili yanalingana, kila moja likiwa na nusu-kipenyo cha karibu 5.8. Upana sasa ni zaidi ya 23, unene haufiki 12. Mzunguko ukiupima kwa futi ni karibu 55 mwanzoni na karibu 60 katikati. Umbali kati ya miti nao husogea, kutoka 10 hadi karibu 11.7.

Kwa hiyo mwombe mteja aliviringishe gombo mara mbili, au akuletee vipimo vya hali zote mbili: likiwa mwanzoni na likiwa katikati. Ubao wa juu uchore kwa upana mkubwa kuliko wote na unene mkubwa kuliko wote, ingawa viwili hivyo havitokei kwa wakati mmoja. Kwa mfano wetu, ubao wa sentimita 26 kwa 17, wenye ncha za mviringo, unafaa. Mzunguko wake ni takriban 71. Nafasi hiyo ya ziada ndiyo inayofanya joho lishuke taratibu bila kukwaruza. Kama visahani ni vipana kuliko mabunda, pima visahani, ndivyo vinavyotawala. Upime gombo likiwa limefungwa mshipi wake, si wazi.

Matundu yasiwe duara. Yafanye marefu kidogo kuelekea pande, ili miti ipate nafasi ya kusogeleana na kuachana. Upana wa tundu ni kifundo kinene kuliko vyote cha mpini wa juu, kuongeza sentimita 1. Urefu wake ongeza tena ule umbali wa kusogea, ambao kwa mfano wetu ni sentimita 1.7 zikigawanywa kwa matundu mawili. Ubao wenyewe uwe plaiwudi ya milimita 3 au 4, iliyopigwa msasa hadi kingo zote zilainike. Kadibodi hupinda mwaka wa kwanza. Kila tundu lizungushie utepe imara uliokatwa mshazari, au ngozi laini, uushone kwa mkono mishono ya karibu karibu.

Kimo: pima kutoka uso wa juu wa visahani vya juu hadi ukingo wa chini wa visahani vya chini, uongeze sentimita 1 au 2. Matamvua ya sentimita 4 yaning'inie chini ya hapo, mradi mshikaji bado anapata mpini. Gombo zima laweza kuwa na uzito wa kilo 10 na zaidi, na mtu anayelibeba hawezi kuanza kupapasa mpini katikati ya matamvua. Nyuma, acha mpasuo kutoka chini hadi karibu theluthi ya kimo. Mpasuo huo unasaidia sana wakati wa kuvisha.

Kabla ya kugusa mahameli, shona joho la majaribio kwa marekani. Livishe kwenye gombo mbele ya mteja, mwanzoni na katikati. Marekani ya mita moja ni bei ndogo sana kulinganisha na mahameli iliyokwisha kutariziwa.

Kuhusu nyuzi na vitambaa kuna katazo moja unalopaswa kulijua vizuri. Kumbukumbu la Torati 22:11 linakataza nguo iliyochanganywa sufu na kitani. Marabi walijadili kama katazo hilo linafika kwenye nguo za magombo. Mishna yenyewe, mkusanyo wa kale wa sheria zao, ina maoni mawili. Katika kazi, jibu ni kutochanganya kabisa. Hatari haiko kwenye mahameli, iko ndani. Kazi ya zari ya Kizungu kwa desturi huwambwa juu ya kitani, na herufi huinuliwa kwa felti ya sufu. Ukifuata mafunzo hayo neno kwa neno, umeshona lile lililokatazwa, tena mahali pasipoonekana. Tumia bafta nene ya pamba kama kitambaa cha kuwambia, na kuinulia herufi utumie kamba ya pamba, kadibodi nyembamba au felti ya nyuzi za viwandani. Soma lebo ya felti, kwa maana nyingine ina sufu ndani.

Kitambaa kiwe kipya. Sheria zao hazitaki kitu kilichokwisha tumika kwa shughuli za kawaida kifanywe pambo la Torati. Bitana iwe satini ya rangi isiyokolea. Ijaribu kwanza kwa kuisugua na kitambaa cheupe kilicholowa. Bitana nyekundu inayotoa rangi, kwenye hewa ya unyevu kama ya Mombasa, itachafua ngozi iliyochukua miezi mingi kuandikwa kwa mkono, na doa hilo halitoki.

Kwa mfano wetu, mahameli ya upana wa sentimita 115 inatosha kwa sentimita 65 tu: vipande viwili vya mwili, kila kimoja upana wa sentimita 39 na kimo cha 56 pamoja na mishono, na kipande cha juu pembeni. Nunua mita 1 hata hivyo, na bitana mita 1, na matamvua sentimita 80. Kata vipande vyote manyoya yakielekea upande mmoja. Pitisha kiganja: upande ulio laini uelekee chini. Kipande kimoja kikigeuzwa, joho litaonekana kama limeshonwa kwa rangi mbili, na taa za sinagogi hazitakuficha. Mahameli huteleza juu ya mahameli mwenzake, kwa hiyo piga bandi kwa mkono kwanza, ndipo upitishe cherehani kufuata manyoya, kutoka juu kwenda chini.

Sasa herufi, na hapa tafadhali usiharakishe. Kiebrania huandikwa kutoka kulia kama Kiarabu, lakini herufi hazishikani. Kama umewahi kutarizi jina la Kiarabu unajua nukta moja inavyoweza kuharibu neno. Kwenye Kiebrania anayeharibu ni kona ya herufi. Daleti na reshi zinafanana: zote zina paa juu na mguu kulia. Daleti ina kona kali, na paa lake huchomoza kidogo nyuma ya mguu. Reshi kona yake ni ya mviringo. Neno "ehadi", lenye maana ya "mmoja", ambalo ndilo moyo wa ungamo lao la imani, huishia na daleti. Ukiviringisha ile kona, linasomeka "aheri", yaani "mwingine". Kutoka Mungu mmoja umefika mungu mwingine kwa mshono mmoja.

Tazama vilevile tatu hizi: he, heti na tavu. Zote zina paa na miguu miwili. Kwenye he, mguu wa kushoto hauligusi paa, kuna mwanya. Kwenye heti unaligusa. Kwenye tavu unaligusa na una kikanyagio kidogo chini kushoto. Neno "Tora" lenyewe huanza na tavu, likafuata vavu, reshi, na kuishia na he. Zari ni nene, na uzi mmoja wa ziada unaziba mwanya wa he ikawa heti. Kwa herufi ya sentimita 3, acha mwanya usiopungua milimita 2 kwenye mchoro, kwa sababu zari huvimba inapolazwa.

Usiandike herufi hizo upya kutoka kwenye ujumbe wa simu. Programu nyingi za kutarizi hazijui maandishi ya kutoka kulia. Ukibandika maneno, hupanga herufi kinyume, na wewe huwezi kuona kosa kwa kuwa husomi. Mwambie mteja alete maneno kama picha iliyochorwa kwa ukubwa halisi, iliyopitiwa na rabi au mtu asomaye vizuri. Ifuatishe kama mchoro, kisha umpigie picha mchoro wako kabla ya mshono wa kwanza, akubali kwa maandishi. Kuna mtego mwingine kwa wanaotarizi kwa mkono: mahameli haishiki chaki, kwa hiyo mafundi huchora upande wa nyuma. Mchoro wa nyuma lazima ugeuzwe kama kwenye kioo, la sivyo mbele herufi zote zitakuwa kinyume.

Jina la Mungu lenye herufi nne lisitariziwe. Likishaandikwa haliruhusiwi kufutwa, na kufumua uzi ni kufuta. Ikiwa aya aliyoileta mteja ina jina hilo, mwulize. Kwa kawaida huwekwa he moja yenye alama kama koma juu kushoto kwake. Herufi mbili utakazoziona mara nyingi kando ya taji, kafu na tavu, ni kifupi cha "Keteri Tora", taji la Torati. Mwaka nao huandikwa kwa herufi zenye thamani za namba: mwaka wa Kiyahudi 5786, ulioanza Septemba 2025, ni tavu (400), shini (300), pe (80) na vavu (6), zile elfu tano kwa kawaida huachwa.

Mashine au mkono? Kwa taji na simba wa zari iliyoinuka, ushauri wangu ni mkono. Kwa maandishi ya wakfu yaliyo chini ya sentimita 1.5, mashine hutoa herufi safi zaidi, na hakuna aibu kuchanganya njia hizo mbili kwenye joho moja.

Kwa mkono, usitarizi moja kwa moja juu ya mahameli. Wamba bafta kwenye fremu hadi ilie kama ngoma ukiigonga. Chora herufi hapo, shona kamba au kadibodi ya kuinulia, kisha laza zari nyuzi mbili mbili juu yake. Zari haipiti ndani ya kitambaa. Ikivutwa kwenye tundu la sindano huchunika na kubaki uzi mtupu. Inashikiliwa kwa mishono midogo ya hariri au poliesta ya rangi ya dhahabu, kila baada ya milimita 3 au 4. Uzi huo upitishe kwanza kwenye nta ya nyuki ili usisagike dhidi ya madini. Acha ncha za zari ndefu, sentimita 3, na mwishoni uzizamishe nyuma moja moja kwa sindano nene na kuzifunga. Aliyewahi kutia zari kwenye shingo ya joho la harusi la Kizanzibari ataitambua kazi hii mara moja. Kila pambo likiisha, likate na kuacha milimita 6 za kukunja, libandike juu ya mahameli kwa mishono ya siri, na ukingo uufunike kwa kamba nyembamba iliyosokotwa.

Njia hii ina historia ndefu. Pazia la kabati la Torati lililotolewa na Mordechai Maisel mwaka 1592 bado liko Prague. Huko Ujerumani karne ya 18 walikuwepo watarizi wanaume wa Kiyahudi walioishi kwa kazi hii, akiwemo Jacob Koppel Gans wa Höchstädt. Italia, wanawake walitarizi mishipi ya magombo na kuitia majina yao wenyewe, jambo ninalolipenda sana, kwa sababu mafundi wengi wa sindano duniani wamekufa bila jina.

Kwa mashine: mahameli isibanwe kwenye ringi, alama ya duara haitoki. Bana kitambaa kigumu cha kuegemeza peke yake, kisha ishikize mahameli juu yake kwa bandi. Juu ya manyoya weka karatasi laini inayoyeyuka majini, ili nyuzi zisizame. Panga kwanza tabaka la mishono ya kulaza manyoya, ndipo herufi. Uzi wa dhahabu utumie sindano namba 90 yenye tundu kubwa, na mwendo usizidi mishono 600 kwa dakika. Ukikimbiza, uzi utakatika kila herufi ya pili. Na mabaki ya ile karatasi usiyaoshe kwa maji mengi. Yang'oe kwa koleo ndogo, halafu kitambaa chenye unyevu kidogo.

Kabla ya kuamua pambo likae wapi, uliza kama wana ngao ya fedha. Hiyo hutundikwa kwa mnyororo kwenye mipini ya juu na kulala kifuani mwa joho, na kando yake kidole cha fedha cha kusomea. Pima inashuka hadi wapi. Ngao itasugua zari iliyo chini yake kila gombo litakapobebwa, na ndani ya miaka michache dhahabu ya simba wako itakuwa imechunwa. Shusha maandishi chini ya ukingo wa ngao, na mahali inapogusa weka mahameli tupu au mishono bapa ya uzi wa kawaida.

Bitana ikiunganishwa, mishono yote na mafundo yote yabaki kati ya bitana na mahameli. Hesabu pini ulizotumia na pini ulizotoa. Pini moja iliyosahaulika inaweza kuchana herufi ya Torati, na gombo lenye herufi iliyochanika halisomwi mpaka mwandishi wao alirekebishe. Usipige pasi juu ya mahameli. Itegemeze juu ya kipande kingine cha mahameli, uso kwa uso, na mvuke upite kwa mbali. Usikunje joho ukilipeleka. Livishe mrija wa kadibodi uliofungwa bafta nyeupe.

Bei usiitaje leo. Tarizi herufi moja ya majaribio kwa ukubwa halisi, hesabu saa ulizotumia, zidisha kwa herufi zote, kisha pima simba mmoja kwa njia hiyo hiyo. Chukua malipo ya awali yanayotosha mahameli na zari yote, kwa maana zari ya fungu jingine mara nyingi hutofautiana rangi. Mteja akiomba pia joho jeupe, usishangae: ni la Rosh Hashana, mwaka mpya wao, na Yom Kipur, siku ya upatanisho, na vipimo vyake ni vile vile.

Huenda akakuletea joho la zamani uligeze. Lipime, lipige picha, lakini usilifumue bila ruhusa yake. Joho lililokwisha kuvishwa gombo lina utakatifu wa kuhudumia kitu kitakatifu; Talmudi, kitabu kikuu cha mijadala ya marabi, inasema nguo za gombo zilizochakaa zaweza kufanywa sanda ya maiti asiye na mtu wa kumzika, na leo kwa kawaida huzikwa pamoja na maandiko yaliyochakaa. Akikuruhusu kulifumua ili utumie tena pambo lake, tandika shuka safi chini, na kila uzi unaodondoka, hata vumbi la matamvua, mrudishie ndani ya bahasha. Mabaki ya mahameli mpya ambayo hayajawahi kuvishwa gombo hayana masharti hayo. Lakini mpe kipande cha kiganja kimoja na mita chache za zari akavihifadhi, vya kutilia kiraka yale matundu ya juu siku yatakapolika.